Kanisa tumboni mwa msikiti: Andalusia ni urithi wa nani?

SWALI: Mwalimu wa historia wa shule moja ya sekondari mjini Tanga ameniandikia hivi: "Niliwaonyesha wanafunzi picha ya msikiti wa Córdoba, kusini mwa Uhispania, wenye kanisa kuu katikati yake. Darasa likagawanyika papo hapo. Waislamu wakasema jengo lao liliporwa. Wakristo wakasema pale palikuwa pao kabla Waislamu hawajaingia mwaka 711, kwa hiyo walirudishiwa tu. Mimi mwenyewe nimesoma mahali kwamba dini tatu ziliishi huko kwa amani kama ndugu. Nani ana haki? Na nianzie wapi ili somo lisigeuke ugomvi? Je, kuna chochote humo kinachotuhusu sisi wa pwani?"

JIBU: Mwalimu, swali la Andalusia, nchi ile ya Uhispania iliyotawaliwa na Waislamu, naulizwa mara nyingi, lakini mara chache na mtu ambaye kesho asubuhi anarudi mbele ya watoto wale wale. Kwa hiyo nakujibu waziwazi. Pande zote mbili za darasa lako zimeshika kipande cha kweli, na ile habari ya undugu wa dini tatu, kwa jinsi inavyosimuliwa, ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote. Ninavyoona mimi, swali la "ni ya nani" halitawafikisha mbali. Waulize badala yake: kila aliyefika pale alikuta nini, na alikifanyia nini alichokikuta?

Anza na nguzo. Ukiingia ndani ya jengo lile kutoka ua wa michungwa, macho yanachukua muda kuzoea giza, halafu unaona nguzo, na nyuma yake nguzo, na nyuma yake nguzo tena. Zilizobaki leo ni 856. Siku yangu ya kwanza nilifanya kama wageni wote, nikatazama juu kwenye matao yenye mistari ya nyekundu na nyeupe. Siku ya pili nikatazama chini, nikaona kwamba nguzo hazifanani hata kidogo. Hii ya kijivu, jirani yake ya waridi, ile kule imechongwa mifereji inayozunguka kama kamba iliyosokotwa. Moja imewekewa kitako kwa sababu ilikuwa fupi, nyingine imezamishwa sakafuni kwa sababu ilizidi urefu. Abd al-Rahman wa Kwanza alipoanza kujenga mwaka 785, mafundi wake walichukua nguzo za majengo ya Warumi na ya Wavisigothi, waliotawala kabla ya Waislamu, wakazitumia upya. Kwa ukumbi mkubwa namna ile zilikuwa fupi mno, paa lingekaa chini kama la ghala. Basi wakasimamisha nguzo ya mawe juu ya nguzo, wakafunga tao la kwanza, na juu yake tao la pili. Mistari ile ni tofali likifuatwa na jiwe, tofali likifuatwa na jiwe. Uzuri ambao dunia nzima inaupiga picha ulianza kama ufumbuzi wa fundi aliyepungukiwa na urefu.

Hapo ndipo wanafunzi wako Wakristo wanapouliza kama chini yake palikuwa na kanisa. Vitabu vya tarehe vya Waarabu, vilivyoandikwa muda mrefu baadaye, vinasema palikuwa na kanisa la Mtakatifu Vicente, kwamba Waislamu na Wakristo waligawana eneo hilo kwa muda, kisha amiri, yaani Abd al-Rahman, akanunua sehemu iliyobaki. Waliochimba chini ya sakafu katika karne ya 20 walikuta mabaki ya majengo ya kabla ya Uislamu, na wanaakiolojia wanabishana mpaka leo kama lile ni kanisa lenyewe au majengo mengine ya askofu. Waambie hivyo hivyo, kwamba ubishi haujaisha.

Halafu wapeleke kwenye mihrabu. Ni ya zama za khalifa al-Hakam wa Pili, miaka ya 960, na imenakshiwa vipande vidogo vidogo vya kioo chenye dhahabu. Vitabu vya tarehe vya Waarabu vinaeleza kwamba vipande hivyo na fundi wa kuvipanga vilitoka kwa kaisari wa Konstantinopoli, mfalme wa Kikristo. Miongo michache tu baadaye, mwaka 997, al-Mansur, waziri aliyeshika hatamu zote za ukhalifa, alivamia mji wa hija wa Santiago de Compostela huko kaskazini, akazichukua kengele za kanisa lake, zikabebwa na mateka Wakristo mpaka Córdoba. Zikageuzwa taa za msikitini. Mwaka 1236 Ferdinand wa Tatu, mfalme Mkristo wa Castilla, alipouteka mji wa Córdoba, akaamuru kengele zirudishwe Santiago, safari hii zikibebwa na mateka Waislamu. Ni jengo moja, na ndani yake mna zawadi ya kaisari Mkristo na ngawira za vita, na ngawira zenyewe zilikwenda na kurudi.

Sasa lile kanisa lililo katikati. Watu wengi hudhani lilijengwa mara tu baada ya 1236. Sivyo. Kwa karibu miaka 300 Wakristo walisali ndani ya msikiti ule, wakiongeza altare na vikanisa vidogo hapa na pale, lakini mwili wa jengo wakauacha. Ni mwaka 1523 ndipo askofu na makasisi wake walipoamua kubomoa katikati ili wainue kanisa refu. Baraza la mji likapinga. Lilitangaza adhabu ya kifo kwa fundi yeyote atakayegusa kazi hiyo kabla mfalme hajaamua, kwa hoja kwamba kitakachobomolewa hakitaweza kujengwa tena kwa ukamilifu ule. Mfalme, Charles wa Tano, akampa askofu ruhusa. Inasimuliwa kwamba alipokuja kuona alijuta, ingawa masimulizi hayo siwezi kuyaapia. Kuhusu baraza sina shaka: waliosimama kutetea msikiti usivunjwe walikuwa Wakristo, na waliowapinga walikuwa Wakristo. Kipande hiki usikiache, maana kinawanyima watoto nafasi ya kujipanga kwa dini kabla hawajasikia habari.

Kuhusu amani ya dini tatu. Chini ya utawala wa Kiislamu, Wakristo na Wayahudi walikuwa watu wa dhima: walilipa jizya, kodi ya wasio Waislamu, walikuwa na makanisa na masinagogi yao, waliamuliwa na wakubwa wao katika mambo mengi, lakini hawakuwa sawa na Mwislamu mbele ya sheria. Ndani ya mpango huo kulikuwa na nyakati nzuri kweli. Abd al-Rahman wa Tatu, aliyejitangaza khalifa mwaka 929, alikuwa na tabibu na mwanadiplomasia Myahudi, Hasdai ibn Shaprut, na alimtuma Mkristo, Recemundo, kuwa balozi wake Ujerumani, akamfanya askofu. Karne moja kabla yake, Alvarus, Mkristo wa Córdoba, alilalamika kwa maandishi kwamba vijana wa Kikristo wanaghani mashairi ya Kiarabu vizuri kuliko Waarabu wenyewe, na barua ya Kilatini hawawezi kuiandika.

Lakini miaka hiyo hiyo ya Alvarus, kati ya 850 na 859, Wakristo wapatao 48 waliuawa Córdoba, wengi wao kwa kumtukana Mtume hadharani kwa makusudi, na maaskofu wao wenyewe walikutana kuwakataza. Mwaka 1066 huko Granada, waziri Myahudi Yusuf ibn Naghrela aliuawa na umati, na Wayahudi wengi wa mji wakachinjwa pamoja naye. Kisha Waalmohadi, watawala wapya Waislamu, walipokuja kutoka Moroko katikati ya karne ya 12, waliifuta dhima yenyewe. Musa bin Maimun, mwanazuoni mkubwa kuliko wote wa Wayahudi wa zama za kati, alizaliwa Córdoba, akaondoka akiwa mtoto kwa sababu hiyo, akaishia Misri kuwa tabibu wa watawala. Ibn Rushd, Mwislamu, kadhi wa mji huo huo, alihamishwa kwa nguvu uzeeni na vitabu vyake vya falsafa vikachomwa, kwa amri ya Waalmohadi hao hao. Upande wa Wakristo nako, mwaka 1391 mahubiri ya kasisi mmoja wa Sevilla yaliwasha mauaji ya Wayahudi yaliyosambaa nchi nzima.

Kwa hiyo, Mwalimu, sikatai kwamba waliishi pamoja. Waliishi pamoja kwa miaka zaidi ya 700, walipikiana, waliponyana, walijengeana nyumba, waliimba tungo za wenzao. Ninachokataa ni kulichukua jambo la kila siku kama hilo na kulifanya mkataba wa undugu ambao hakuna aliyeutia sahihi. Amani ile ilikaa mikononi mwa mtawala mmoja mmoja, na ilikufa naye.

Hoja ya Wakristo wa darasa lako, kwamba walikuwapo kabla, ni sahihi. Mwanzoni mwa karne ya 4 maaskofu walikutana Elvira, karibu na Granada ya leo, na Ossius, askofu wa Córdoba, alikuwa mshauri wa kaisari Constantino na alihudhuria mtaguso wa Nikea mwaka 325. Isidore wa Sevilla, aliyefariki 636, alijaribu kukusanya elimu yote ya zama zake katika kazi moja. Ila wakumbushe pia kwamba Wavisigothi walioitawala nchi walikuwa Waario, yaani Wakristo wasiomwona Yesu kuwa sawa na Mungu Baba, mpaka mwishoni mwa karne ya 6, na baada ya kuingia Ukatoliki mfalme wao Sisebut aliamuru Wayahudi wabatizwe kwa nguvu. Na kabla ya kanisa lolote, Wafoinike walikuwa na hekalu la mungu wao Melqart pale Cádiz, na Warumi walikuwa na miungu yao. Anayesema "sisi tulikuwa wa kwanza" atakuta daima kuna mwingine chini yake.

Sehemu inayoniuma zaidi katika historia hii ni Granada, na naomba usiipite haraka.

Mkataba wa kuusalimisha mji huo, wa mwisho mikononi mwa Waislamu, kwa wafalme Wakristo ulisainiwa Novemba 1491, na mwanzoni mwa Januari 1492 Boabdil, sultani wa mwisho, akakabidhi funguo. Mkataba uliwahakikishia Waislamu misikiti yao, adhana yao, makadhi wao na sheria yao. Miezi mitatu baadaye Wayahudi wakafukuzwa Uhispania nzima. Waislamu walipata miaka minane hivi. Mwaka 1499 askofu mkuu Cisneros alifika, akaanza kubatiza watu kwa shinikizo, na vitabu vya Kiarabu vikachomwa kwenye uwanja wa Bib-Rambla. Watu wakaasi, na uasi ukafanywa sababu ya kusema mkataba umevunjika. Kufikia 1502 Mwislamu katika ufalme wa Castilla alikuwa na njia mbili, abatizwe au aondoke. Waliobaki wakaitwa Wamorisko.

Mwaka 1567 ikaja amri nyingine: Kiarabu marufuku, mavazi yao marufuku, hamamu (nyumba za kuogea) marufuku, na wapewe miaka mitatu tu wawe wamejifunza Kikastilia, lugha ya Castilla. Mzee mmoja, Francisco Núñez Muley, mwenye asili ya ukoo mkubwa wa Kiislamu na aliyekuwa Mkristo tangu utotoni, akaandika barua kwa mahakama ya mfalme. Alieleza kwamba vazi la mwanamke wa Granada ni vazi la mahali, kama mikoa mingine ya Uhispania ilivyo na mavazi yake. Kwamba hamamu ni usafi. Kwamba Wakristo wa Mashariki wanazungumza Kiarabu na bado ni Wakristo. Na bibi kizee wa milimani, ambaye hata Kiarabu chake ni cha kijijini, nani atamfundisha lugha mpya kwa miaka mitatu? Hakusikilizwa. Mwaka uliofuata milima ya Alpujarras iliwaka vita, na ilipozimwa 1571 makumi ya maelfu ya Wamorisko walikuwa wamehamishwa na kutawanywa.

Kuna jambo lilifuata ambalo wanafunzi wako hawatalisahau. Kuanzia 1595, kwenye kilima kimoja nje ya Granada, zilichimbuliwa sahani za duara za risasi, ndogo, zimefungwa pamoja kama vitabu, zimechanjwa herufi za Kiarabu za namna ya ajabu. Zilidai kuandikwa na Wakristo wa karne ya kwanza, kwamba hao Wakristo wa kwanza wa Granada walikuwa Waarabu, na kwamba Bikira Maria mwenyewe aliwasifu Waarabu na lugha yao. Ndani yake mlirudiwa shahada ya imani ambayo Mwislamu na Mkristo wangeweza kuitamka pamoja: hakuna mungu ila Mungu, na Yesu ni Roho wa Mungu. Askofu mkuu aliziamini mpaka mwisho wa maisha yake, akajenga abasia ya Sacromonte kwa ajili yake. Zilikuwa za kughushi. Roma ilizilaani mwaka 1682, na shaka kubwa inawaangukia wafasiri wawili Wamorisko waliokuwa karibu na kazi hiyo, Alonso del Castillo na Miguel de Luna. Mimi siwaiti matapeli. Naona watu waliokuwa wakitafuta njia ya kuwa Wakristo bila kuacha kuwa Waarabu, wakaona mlango wa sasa umefungwa, wakajaribu kuufungua kutokea karne ya kwanza. Haikusaidia. Kati ya 1609 na 1614 Wamorisko wapatao 300,000 walifukuzwa kutoka Uhispania yote.

Ya leo nitayasema kwa kifupi. Jengo la Córdoba ni kanisa kuu, na mwaka 2006 jimbo la Kanisa liliandikisha umiliki wake kwa ada ya euro 30, jambo lililozua mjadala ambao haujapoa. Waislamu waliomba waruhusiwe kusali humo, wakakataliwa. Granada nako, mwaka 2003 msikiti mpya ulifunguliwa katika mtaa wa Albaicín, ukitazamana na Alhambra, kasri la masultani wa zamani, ng'ambo ya bonde. Na ukifika Sevilla juma takatifu kabla ya Pasaka, utaona vyama vya waumini vikibeba sanamu za Yesu na Maria mitaani. Kimoja kinaitwa Los Negritos. Kilianzishwa mwishoni mwa karne ya 14 na askofu mkuu Gonzalo de Mena kwa ajili ya Waafrika wa mji ule, wengi wao watumwa, na kwa karne nyingi wanachama wake walikuwa watu weusi. Bado kinatoka Alhamisi Kuu. Wanafunzi wako wajue kwamba tabaka la Afrika nalo lipo, nalo halikuanza na kuisha na majeshi ya Moroko.

Uliuliza pia kama kuna kinachotuhusu sisi wa pwani. Kipo, na si cha kutafutia kwa tochi. Kijana wa chuo anayehifadhi Alfiyya, zile beti elfu za nahau ya Kiarabu, anasoma kazi ya Ibn Malik, mzaliwa wa Jaén, mji wa Andalusia ambao Waarabu waliuita Jayyan. Sheikh anayefungua tafsiri ya al-Qurtubi anamsoma mtu wa Córdoba. Jina lenyewe linasema. Francisco de Almeida, aliyeipora Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505, alikuwa amepigana katika vita vya kuiteka Granada, na Wareno waliwaita watu wetu "Mouros", neno lile lile walilowaitia Waislamu wa Andalusia. Halafu lugha. Mhispania anasema azúcar, sisi sukari. Anaposema fulano, sisi tunasema fulani. Rehén kwake ni mateka anayeshikiliwa, kwetu rehani ni mali inayoshikiliwa. Meya wake ni alcalde, yaani kadhi. Hata "hasta" yake na "hata" yetu ni mtoto wa mama mmoja, hatta ya Kiarabu. Andika maneno hayo ubaoni kabla hujasema lolote kuhusu dini.

Kwa somo lenyewe, nakushauri uache picha ya Córdoba pembeni kwanza, maana imeshawagawa. Waonyeshe mnara wa Giralda wa Sevilla. Uanzie chini: kwenye msingi kuna mawe ya Kirumi yenye maandishi ya Kilatini, yamepachikwa tu kama mawe mengine. Juu yake mwili wa mnara wa msikiti, uliokamilika 1198, ambao ndani hauna ngazi za kawaida ila mteremko mpana, ili mnyama aweze kumpandisha mtu mpaka juu kwa adhana. Na kileleni chumba cha kengele kilichoongezwa na Wakristo kati ya 1558 na 1568. Mtoto anaweza kuhesabu tabaka hizo kwa kidole.

Kisha wapeleke hatua chache tu, ndani ya kanisa kuu la Sevilla, kwenye kaburi la Ferdinand wa Tatu, yule yule aliyerudisha kengele. Alifariki 1252, na mwanawe Alfonso aliandikisha wasifu wake kaburini kwa lugha nne: Kilatini, Kikastilia, Kiarabu na Kiebrania. Tarehe ya kifo ni moja, lakini Kiarabu kinasema mwaka 650 wa Hijra, Kiebrania kinasema 5012 tangu kuumbwa ulimwengu, Kilatini kinasema 1252 tangu Kristo, na Kikastilia kinasema 1290, kwa hesabu ya zamani ya Kihispania. Nchi ni moja, lakini kwa Kiarabu ni al-Andalus na kwa Kiebrania ni Sefarad. Na maandishi ya Kilatini, yaliyosomwa na makasisi, yanasema aliutoa mji mikononi mwa wapagani, maneno ambayo jirani zake wa Kiarabu na Kiebrania hawakuandikiwa. Wagawie wanafunzi tafsiri za maandishi hayo manne bila kuwaambia lipi ni la lugha gani, wakae makundi yaliyochanganyika, wakisie kila andishi liliandikwa lisomwe na nani.